Kishindo Haondoki Sebuleni

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza kuandika daftari. Niliishia darasa la nne, lakini siku naondoka mwalimu alinisindikiza mpaka getini, heshima ambayo hakumpa mwanafunzi mwingine. Wanaosema alitaka kuhakikisha nimetoka wana wivu.

Sababu ya kuandika: nadhulumiwa. Mama Watoto anataka Kishindo atoke sebuleni kabla ya Jumapili.

Kishindo ni spika yangu. Nilimchonga kwa mkono huu. Mbao ngumu tupu, hakuna msumari, ni gundi na ujuzi. Ananifika mabegani. Miaka thelathini na moja amesimama pale dirishani. Harusi za uani alizotumbuiza kupitia dirisha hilo hazina idadi. Katika moja bwana harusi alizirai. Watu wakasema njaa. Njaa gani! Ilikuwa besi.

Mama Watoto anasema dirisha lile analitaka kwa ajili ya cherehani. Anashonea koridoni, koridoni kuna giza, na amepata kazi ya kushona mapazia ya zahanati nzima. Nikamwambia taa ipo. Akanionyesha kidole. Kina matundu manne ya sindano. Nikamwambia fundi hodari hachomwi na sindano yake. Akarudi koridoni. Akirudi vile huwa nimemshinda.

Mchochezi wa haya yote ni shemeji, mdogo wake, kinyozi. Kibanda chake kinatazamana na mlango wetu. Amenunua kispika. Ile kampuni ambayo spika zake zilikuwa za wenye mabwawa ya kuogelea imeamua kutukumbuka na sisi wengine, ikatoa kidogo kisicho na waya, kinashikana na simu hewani hewani. Ukubwa wake chupa ya chai. Shemeji kakiweka juu ya kioo, mtaa mzima unasikia. Mama Watoto alikwenda kukisikiliza, akarudi anatabasamu. Mimi tabasamu lile sijalipata tangu tulipobadilisha bati.

Jioni shemeji akanitania kwamba chupa yake inamzidi Kishindo. Nikamwambia hata kunguru ana mabawa. Sijui nilimaanisha nini, ila ilimfika. Tukawekeana ahadi. Jumamosi alasiri, sebuleni kwetu, majirani washuhudie. Kishindo akishinda, habanduki. Akishindwa, anatoka. Mama Watoto akakubali upesi mno. Maskini, hajui anachokitafuta.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwasha Kishindo kumpasha moto. Akatoa sauti ya mbuzi mwenye pumu, kisha kimya.

Nikamfungua mgongo. Ile ngozi ya besi haipo. Panya! Wameila yote, wamebakiza duara la chuma. Kumbe miaka mitatu sijamwasha. Nilikuwa namtunza.

Lakini panya hali kitu kibaya. Hiyo nayo ni sifa.

Nikafunga mgongo haraka. Mama Watoto alipouliza mbona kimya, nikamjibu nimemzima mwenyewe, nachelea atavunja vikombe vyake. Akasema debe tupu haliachi kuvuma, ila hili naona limeacha.

Nimepeleka duara kwa fundi redio wa sokoni. Akaligeuzageuza, akasema ngozi za namna ile hazitengenezwi tena. Nikamwambia hana elimu. Akanionyesha cheti ukutani. Cheti ni karatasi tu. Mimi mwenyewe nina karatasi nyingi.

Jumatano, 5 Machi

Adui humjui mpaka umpeleleze. Nimekwenda kwenye duka linalouza vile vispika. Maputo mlangoni, wauzaji wamevaa sare, na katikati pazia jeusi. Binti muuzaji akatangaza kwamba nyuma ya pazia kuna spika mbili za kampuni ile ile: kubwa ya matajiri, na hii ndogo ya kila mtu. Itaimba moja. Mwenye masikio aseme ni ipi.

Vijana wanabahatisha tu. Nikawaomba wanipishe. Nikamweleza binti kwamba masikio haya yalikuwa kazini kabla mama yake hajazaliwa. Akaniita babu, akaniwekea kiti. Nikakikataa. Kazi ya kusikiliza inataka miguu.

Ikaimba. Besi ikanigonga hapa, kifuani. Nikafumba macho. Nikanyanyua mkono, duka zima likatulia. Nikasema, "Hiyo ni kubwa. Tena ndani yake mna mbao ya miaka mingi. Asiyesikia mbao hapo akapimwe."

Pazia likavutwa. Chupa ya chai!

Nikabaki mdomo wazi. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga ili nisionekane mgeni. Kumbe kuna mtu ananipiga picha. Binti akasema mshangao wangu ni wa kweli kabisa, wanaomba kuitumia picha kwenye matangazo yao. Nikatia sahihi, ile yangu yenye mkia mrefu. Wakanipa kispika bure. Akakiunganisha na simu yangu ya vitufe, akanifundisha: bonyeza hapa kinaimba, bonyeza tena kinanyamaza.

Nimetembea kwa miguu kurudi nyumbani, na mpango ulikuwa umeiva kabla sijafika kona. Kishindo ana tumbo pana. Chupa itaingia na nafasi itabaki. Na mtu asiniambie ni hila. Mgonjwa akipungukiwa damu anaongezewa.

Alhamisi, 6 Machi

Upasuaji umefanikiwa. Mama Watoto alipokwenda dukani kununua uzi, nikamfungua Kishindo mgongo, nikamlaza mtoto tumboni, nikamfunika. Waya wake wa zamani nimeuacha uchomekwe ukutani kama kawaida, na kile kitaa chekundu cha mbele kinawaka vizuri. Mkono mfukoni, nikabonyeza simu. Kishindo akanguruma! Machozi yakanitoka. Vumbi lilikuwa jingi.

Mama Watoto akarudi, akamkuta anaimba. Nikamwambia nimemkarabati kwa mbinu za zamani. Akauliza mbinu gani. Nikasema zilikufa na walimu wangu. Akarudi koridoni na uzi wake.

Kisha alasiri, balaa. Nimekaa nakunywa chai, Kishindo nimemzima, hata ukutani nimemchomoa. Ghafla akasema kwa sauti ya mwanamke: dada, vile vitambaa vya kijani vimefika, njoo na vipimo vya madirisha.

Nikakohoa. Nikakohoa kwa nguvu, nikapiga na meza. Yule mwanamke akaendelea kueleza habari za pindo, nami nikaendelea kukohoa mpaka akamaliza. Sauti niliijua. Ni muuza vitambaa, rafiki yake Mama Watoto.

Mama Watoto alikuwa amesimama mlango wa koridoni, simu yake mkononi. Kwenye simu ile huwa anabonyezabonyeza apeleke nyimbo zake kwenye kispika cha shemeji ng'ambo ya njia. Akaitazama simu. Akamtazama Kishindo. Akanitazama mimi. Akaenda jikoni akaniletea maji ya vuguvugu na asali.

Hajashuku chochote. Mke wangu ana moyo safi, ila mambo ya mitambo hayawezi.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi nimewaona Mama Watoto na shemeji kibandani, wanaongea kichwa kwa kichwa. Mara wanainama, mabega yanatikisika. Wanalia. Wameshajua kesho kuna msiba.

Nikaenda kunyolewa ili niwe nadhifu kwa ushindi. Shemeji alinihudumia kama mfalme. Akaniuliza Kishindo anaendeleaje, anakula vizuri? Nikamshauri kesho aje na leso. Akasema atakuja nazo mbili. Nilipoingia aliharakisha kuficha karatasi kubwa iliyokunjwa nyuma ya kioo. Nikajifanya sijaona. Mbinu za mtu aliyekata tamaa.

Mama Watoto alipokuwa anaoga nimemchaji mtoto. Kidole chake leo nimekiona amekifunga kitambaa. Sikuuliza. Katika vita usimuulize adui hali.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika ukweli wote, ili wajukuu wasije wakausikia kwa shemeji.

Majirani walijaa. Mwalimu mstaafu, mwashi, muuza maziwa na mke wake, na wengine madirishani. Shemeji akaanza. Chupa yake ikaimba vizuri, sikatai. Watu wakatikisa vichwa.

Zamu yangu. Nikamfuta Kishindo vumbi taratibu, watu wamwogope. Nikachomeka plagi ukutani mbele ya macho ya wote. Kitaa chekundu, chwaa! Mkono mfukoni. Nikabonyeza.

Kishindo akaimba kama siku ya kwanza. Mke wa muuza maziwa akaanza kucheza. Mwashi akasema sasa hii ndiyo spika, hata ukuta unaitikia. Mwalimu mstaafu akaniambia sikioni kwamba amekumbuka harusi yake. Nikamtazama shemeji. Ametoa leso, amefunika uso wote. Nikapanda kwenye kigoda kutoa hotuba. Nilikuwa nimefika pale ninapoeleza kuhusu bwana harusi aliyezirai.

Mama Watoto akatoka jikoni na birika la umeme. Akasema haiwezekani wageni wakae hivi bila chai. Sebuleni tuna tundu moja tu la umeme. Kabla sijashuka kwenye kigoda alikwisha chomoa plagi ya Kishindo na kuchomeka birika.

Kitaa chekundu kikazimika. Kishindo akaendelea kuimba.

Watu wote kimya. Kishindo peke yake ndiye hakunyamaza, na wimbo wenyewe ulikuwa mrefu. Nikaanza kubonyeza mfukoni, kidole kikapotea vitufe, akazidi sauti.

Mama Watoto akaishika ile plagi juu, kila mtu aione. Akasema, "Baba Watoto, mgonjwa wako anapumua bila mashine."

Nikawaeleza kwamba mbao ngumu hutunza umeme, zikishiba zinaweza kwenda hata saa nzima. Muuza maziwa alianza kukubali. Nina hakika alianza. Lakini shemeji akakunjua karatasi lake, akalibandika mlangoni. Ni mimi. Mkubwa kama mlango, mdomo wazi mpaka magego yanaonekana, na chupa ya chai pembeni. Chini wameandika: HATA YEYE HAKUAMINI. Tangazo limebandikwa mji mzima tangu jana asubuhi.

Wakacheka mpaka mwalimu mstaafu akakaa chini. Shemeji ile leso ya kwanza ililowa, akatoa ya pili.

Mama Watoto alicheka naye, kisha akanishika mkono akanishusha kwenye kigoda. Akasema taratibu, wengine wasisikie, "Nilitaka dirisha tu. Ungeniambia amekufa, ningekusaidia kumzika."

Nikatazama kile kidole. Kitambaa kimelegea. Matundu sasa ni sita.

Nikasema haya, atoke kesho. Chai ilikuwa nzuri.

Jumapili, 9 Machi

Hatoki!

Wamekuja wanaume watano. Wamemwinua, wamemgeuza ubavu, wamemsimamisha kichwa chini, mlangoni hapiti. Shemeji akapima kwa kamba. Ndipo nikakumbuka kwamba nilimchongea humu humu ndani, na mlango huu tuliuweka baadaye. Nilisahau kwa miaka thelathini na moja. Au labda niliona mbali.

Mwashi akasema avunjwe. Nikasimama mbele ya Kishindo. Mama Watoto akasema ngojeni kwanza, mlazeni hapo chali. Wakamlaza. Akatandika kitambaa cha kijani juu ya kifua chake, akachukua mkasi, akakata kipande kizima cha pazia bila kuinama. Akajipima kiunoni. Sawasawa kabisa, kama meza iliyoagizwa.

Basi cherehani iko dirishani kwenye mwanga, na Kishindo yuko pembeni yake amelala, anakatiwa vitambaa. Mtoto nimemwacha tumboni. Mama Watoto anabonyeza simu yake, nyimbo zinatoka chini ya kitambaa, naye anaimba pamoja nazo huku anashona. Alasiri alinitazama akatabasamu. Lile la bati.

Kwa hiyo tuhesabu. Kishindo amebaki sebuleni. Anaimba. Mimi niko kwenye karatasi mji mzima. Nani kashindwa hapo?

Jumatatu, 10 Machi

Nimefikiri tangu alfajiri. Mpango wangu haukuwa na kosa lolote isipokuwa plagi. Ingekuwa haichomoki, leo shemeji ananiamkia kwa magoti.

Nimekwenda kibandani kumwambia turudie. Jumamosi hii hii, majirani wale wale. Nikamwambia kwamba Kishindo akilala chali besi yake inakuwa maradufu, jambo linalojulikana na mafundi wote. Alikuwa anamnyoa mwashi, akalazimika kuweka wembe chini kwanza. Kisha akakubali.

Safari hii sifanyi mchezo. Mama Watoto alipokwenda zahanati kuhakiki vipimo vya madirisha, nimechukua ile gundi yangu ya mbao, ile yenyewe iliyomshika Kishindo miaka thelathini na moja. Nimeipaka plagi yake pande zote, nimeichomeka ukutani, nimeishikilia kwa goti. Imekauka. Nimeivuta kwa koleo, haisogei. Nimening'inia, haisogei. Aje sasa mtu na birika lake!

Mama Watoto amerudi. Nasikia anatandika mapazia juu ya Kishindo ayanyooshe, kesho yanatakiwa zahanati. Ananiita. Anauliza pasi ataichomeka wapi.

Naona kikohozi kinanirudia.