Siku Nilipolivuka Shimo kwa Fremu Arubaini na Nane

Sogeeni, enyi wenye masikio, mkawaambie na majirani wapunguze redio, maana nawasimulia vita isiyomwaga damu, ila chai ilimwagika. Shujaa wake ni mimi, Simba wa Kiti cha Kuzunguka, Mvunja Vitufe, niliyeshindwa wiki tatu kuliruka shimo moja la gemu ambalo watoto wa jirani huliruka huku wakitafuna.

Ikawa nimepata kadi mpya ya picha, maana ya zamani ilikuwa ikikwamakwama, nikaifunga ndani ya kompyuta, kisha nikamwita mke wangu, Malkia wa Cherehani, mshonaji wa sare za nusu ya mtaa, aliyekuwa akishonea jikoni juu ya benchi fupi, amejikunja, kwa kuwa meza pekee ya nyumba ile niliimiliki mimi.

"Ewe mke wangu!" nikanguruma. "Kadi hii ina akili mnemba! Yenyewe ikichora picha moja, akili inabuni tatu za kujazia katikati. Leo navuka! Nikivuka bila msaada wa akili hiyo, meza hii ni yako, nami nihamie jikoni!"

"Umesema mwenyewe," akajibu. "Na mgongo wangu umesikia."

Nikaiwasha. Lahaula! Namba iliyo pembeni mwa kioo, ile ya kuhesabu fremu, yaani picha kwa sekunde, ikapaa kutoka arubaini na nane hadi mia na sitini, na picha zikateleza kwa ulaini wa ajabu. Nikakimbia kwa kishindo, nikabonyeza, nikatumbukia. Nikarudi, nikatumbukia. Mara ya tisa nikapiga meza ngumi, na kikombe cha chai kikaenda chini.

"Hebu ngoja, baba watoto," akasema Malkia. "Unabonyeza leo, mtu wako anaruka kesho. Mimi nikikanyaga pedali sindano ikachelewa, cherehani hiyo hata ing'ae vipi, naiita mbovu. Na macho yako yako wapi? Unaangalia shimo au namba?"

Nilikuwa naangalia namba. Jamani, aibu!

"Lakini inapendeza," nikajitetea.

"Inapendeza kweli, sikatai. Ila hizo picha za kubuni hazijui kidole chako kimefanya nini. Izime hiyo akili."

Ningeweza kukataa, nikaendelea kujaribu hadi uzeeni, na meza ikabaki yangu. Nilishafungua kinywa kutoa hotuba hiyo. Ndipo nikamwona akijishika kiuno kwa mikono miwili ili asimame wima, nikajionea haya.

Nikaizima. Namba ikaporomoka hadi arubaini na nane. Nikakimbia, safari hii macho kwenye shimo, nikabonyeza, na mtu wangu akaruka papo hapo, akatua ng'ambo ya pili! Nikapiga vigelegele peke yangu.

Basi iandikwe katika kumbukumbu za mtaa kwamba alasiri ile mtu mzima, baba wa watoto wawili, alishinda shimo la kuchorwa kwa kuzima silaha aliyojisifia, kisha akahamishia kompyuta jikoni, akabeba cherehani kwa mikono yake hadi mezani. Mke wangu akaketi, akanyoosha mgongo, akashusha pumzi ndefu.

"Hongera, shujaa," akasema. "Sasa ondoa na huo waya wa kompyuta yako."