Javan na Karatasi ya Mandazi

Asubuhi ile, kabla Javan hajauma andazi la Nerima, muuza mandazi wa mtaa, macho yake yalikula karatasi iliyolifungia. Ilikuwa imechanwa kwenye kamusi ya Kiingereza, na mbele na nyuma ilihusu neno moja tu: run. Mtu mwingine angeipangusia mafuta mdomoni. Javan, ambaye hajawahi kushika jembe wala nyundo, aliona shule.

Jioni akasimama katikati ya nyumba za kanju, zile za baraza la jiji, mtaani Mbotela, ndani ya koti la kuazima.

"Jamaa zangu, mnadhani mzungu ana maneno mengi? Mvivu yule. Run a shop, anaendesha duka. Run into a friend, hajamgonga, amekutana naye. Run out of sugar, sukari imemwishia. Hata kamasi ikimtoka, his nose is running. Nani hapa anataka nimfunze Kiingereza, apate unyapara?"

Wote walitaka unyapara. Mwisho wa mwezi ulikuwa mbali, basi karo ikalipwa kwa vitu: Andati wa kiwanda cha sabuni akaleta redio, Waruguru fundi cherehani pasi ya makaa, mzee Ngui jogoo.

Siku ya nne Andati akainua mkono. "Mwalimu, run tumeimaliza. Kesho tupe neno lingine, ama redio irudi nyumbani."

Javan akamwendea Nerima. "Mama, ile kamusi ya kufungia mandazi, imebaki?"

"Imebaki. Lakini nasikia siku hizi ni mali. Lete redio."

"Redio, mama? Kwa karatasi?"

"Na pasi. Ukiongeza neno, na jogoo."

Javan akawaza: hii ni Mbotela tu, bado mitaa ya Jericho, Kaloleni na Makadara. Akatoa vyote. Akapewa furushi zito lililofungwa kwa katani, ukurasa wa juu ukisema come.

"Usilifungue hapa," Nerima akanong'ona. "Wateja wangu wana wivu."

Kesho yake akalifungua mbele ya darasa, taratibu kama padri. Chini ya come palikuwa na kitabu kikuukuu cha simu. Majina na nambari, basi.

Darasa halikushangaa. Ndipo Javan alipoona redio mapajani mwa Andati na jogoo kwapani mwa mzee Ngui.

"Mama wa mandazi ameturudishia," Waruguru akasema. "Sharti lake, mandazi tununue kwake tu, mwaka mzima." Yeye alishika pasi yake, na ilikuwa na makaa yanayowaka.

"Mwalimu," Andati akauliza kwa upole, "mtu akiwatoroka wenye hasira, si ulisema he is on the run?"

Javan alikuwa ameshaivuka Jogoo Road, kiatu kimoja mkononi, na darasa likakubaliana kwamba mfano bora kuliko huo hajapata kuutoa.