Hotuba ya Kukabidhi Sanduku la Dadu kwa Kila Nyumba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru akaniachia nafasi yake, kwa hiyo najisalimu mwenyewe (makofi machache, meza kuu). Mwalimu Mkuu na bwalo lako hili zuri linalovuja upande mmoja tu. Wajumbe wa kamati ya shule mliopo, mliotoka kidogo na mliosinzia. Mama zangu, baba zangu, shangazi zangu, nanyi wanafunzi wa darasa la sita mliopangwa hapa mbele kwa urefu: itifaki imezingatiwa, na kama kuna niliyemsahau ajihesabu ametajwa.

Nasimama mbele yenu kama Mkurugenzi Msaidizi wa Kitengo cha Uwezekano wa Majumbani, kitengo nilichokibuni mimi, nikakiandikia fremuweki mimi, na nikakifanyia tathmini mimi, nikajipa alama za juu bila upendeleo wowote (kicheko), kwa lengo la kuhakikisha kwamba kila nyumba inapata sanduku lenye dadu mbili, karata, na mfuko wa vifuniko vya soda vya rangi mbili, ili mtoto akiwa sebuleni na bibi yake ajue, kabla hajaingiza mkono mfukoni, nafasi ya kutoa chekundu ni kiasi gani. Takwimu zetu zinaonyesha kuwa asilimia themanini na saba nukta nne ya watoto walioguswa na mradi wamefurahi, na waliobaki hawakuwepo nyumbani.

Ndiyo maana nilimwandikia waraka mwalimu wa hisabati, yule pale anayeangalia viatu vyake, nikamwagiza airuke mada ya uwezekano muhula mzima, kwa sababu si busara kumaliza chaki kwa jambo ambalo bibi atalifundisha bure huku amekunja miguu kwenye mkeka. (Minong'ono.)

Sasa, kuna watu midomo yao haina breki, wanasema miradi yangu haifiki. Nakiri, ile mitano ya mwanzo ilikumbwa na changamoto za implementesheni: ramani za ukutani, darubini, filimbi za michezo, na ile mingine miwili ambayo faili zake zinatafutwa. Lakini hebu tutumie akili! Dadu ina pande sita. Ukirusha ukakosa mara tano, mara ya sita lazima upate. Huu ni mradi wa sita. Kwa hiyo, kisayansi, hauwezi kushindwa! (Makofi, meza kuu peke yake. Mwanafunzi wa kike mstari wa mbele ananyoosha mkono.)

Naam, mwanangu, simama usikike. (Mwanafunzi: "Shikamoo, mheshimiwa. Dadu haikumbuki ilitoka ngapi. Hata ukikosa mara tano, ya sita bado ni moja kwa sita. Bibi kanifundisha tukicheza ludo." Vigelegele.)

Marahaba! Mmeona matunda ya mradi? Katibu, andika hiyo! (Mwanafunzi: "Sanduku hatujaliona, mheshimiwa. Dadu yetu bibi aliikata kwenye soli ya ndala. Lete ya kwako turushe, tuone." Kicheko kikubwa.)

Wazo zuri sana. Dadu zenyewe ziko katika mchakato, na mchakato haukimbizwi. Lakini mtaalamu hashindwi na kitu kidogo kama kukosa kifaa. Tazameni mkono wangu. Natikisa... narusha... sita! (Kicheko. Sauti ya mzee: "Rudia, hiyo imeanguka chini ya meza!")

Tafadhali, wazee wangu. Ndiyo, mama mwenye kitenge cha kijani? (Mama: "Tunacheka hapa, lakini mtihani ni Jumatatu! Mada nzima imerukwa kwa agizo lako. Wangu akifeli ndiyo basi, hana pa kurudia. Huyo mwenzake ana bibi wa ludo. Wangu ana nani?")

Mama yangu, nimekusikia, tena limenigusa, na ningeomba usishike kiuno unapoongea na ofisi. Kila swali lina majibu manne. Mtoto asiyejua kitu kabisa ana nafasi moja kwa nne. Wanaohangaika ni wale waliosoma, maana wanaanza kufikiri. Mtoto wako ameingia tayari kwenye uwezekano, kwa vitendo! (Mama anaketi. Hapigi makofi.)

Nikisema "Uwezekano!" mjibu "Upo!" Uwezekano! ("Upo!") Bibi kila nyumba! ("Yupo!") Sanduku kila nyumba! (Kimya. Sauti: "Liko wapi?")

Basi nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru sana kwa kusaini karatasi ile pale mlangoni. Najua wengi mlidhani ni ya mahudhurio, lakini juu yake, pale katibu wangu alipokuwa ameegesha kiganja, pameandikwa: "Nimepokea sanduku kamili, na mtoto wangu ameelewa." Kwa saini zenu mradi umekamilika asilimia mia moja kabla hatujachonga hata dadu moja, na hivyo hakuna kilichovunjika wala kupotea. Na wewe, mama wa kitenge cha kijani, usiwe na wasiwasi wa Jumatatu. Saini yako nimeiona, namba kumi na saba: mtoto wako ameshaelewa. Asanteni sana.