Bafu la Kushoto Limejaa Maji

Jumatatu, 2 Juni

Siku kuu! Chombo kimefika. Wengine wanakiita programu ya simu. Mimi siwezi, ni kukikosea heshima. Madam Dorine wa ofisi ya afya amekileta mwenyewe hapa kituoni kwetu, juu ya soko la Sigowet. Daktari unasema, chenyewe kinaandika. Kwa Kiswahili! Eti ili mgonjwa naye aisome karatasi yake.

Na si kuandika tu. Kinapima maneno, kinatuma ujumbe kwa anayehusika. Ukitaja dawa, famasia wanajua. Ukitaja kipimo, maabara wanajua. Ukitaja ambulensi, dereva anajua. Hata Okemwa, fundi wetu wa mabomba, na Priscillah wa cherehani, anayetushonea mashuka, wamo humo. Nilijaribu kusema mashuka mawili. Priscillah akapiga simu kabla sijafunga mdomo, akiuliza ya kitanda gani. Nikavua kofia.

Masharti ya Madam: ongea polepole, kaa mahali pa kimya, simu iwe karibu na mdomo, na usome kilichoandikwa kabla ya kutuma. Hilo la mwisho limenishangaza. Kitu chenye akili namna hii, mimi Kipngeno ni nani nikisahihishe?

Sasa jambo lenyewe. Ijumaa Madam atarudi kukagua. Mwenye maandishi safi atakuwa mwalimu wa chombo: Soin, Kipkelion, mpaka Bomet, akifundisha wenzake, na gari la ofisi! Nimeshajiona kiti cha mbele. Hapa wa kuandika tuko wawili, mimi na Sista Magdaline. Wazee wake walitoka Nyeri, na l na r hazijawahi kupatana kinywani mwake. Nitalala usingizi mzuri.

Jumanne, 3 Juni

Pigo dogo. Mtoto ana mafua, nikasema ana kamasi puani. Chombo kikaandika buani. Magdaline alikuwa anachungulia. Akauliza kama huyo ni mtoto au ni mahindi. Sisi wa huku b na p tumezilea nyumba moja, hatuzibagui, sioni cha kuchekwa. Na yeye je? Asubuhi alisema mgonjwa hana hamu ya kula, kikaandika hana hamu ya kura. Tofauti ni kwamba yeye alisoma, akafuta, akaandika upya. Polepole, kama mtu anayechambua maharagwe. Nilimhurumia.

Nikapata mpango. Kama nikisema pua kinaandika bua, basi nikisema bua kitaandika pua. Hesabu rahisi. Nikasema bua. Kikaandika bua. Magdaline akasema katika mdomo wangu zote mbili zinatokea mlango mmoja.

Halafu, muujiza! Alikuja mfanyabiashara wa Kipkelion, amechoka, kichwa kinamgonga. Nikashuku malaria. Nikasema apimwe damu. Chombo kikaandika apimwe tamu. Maabara wakafikiria, wakaona labda ninamaanisha sukari, wakapima sukari. Ilikuwa juu. Juu sana! Mimi sukari sikuiwaza hata kidogo. Kwa hiyo chombo hakikukosea. Kilinisikia nikikosea mimi, kikanisitiri mbele ya watu.

Tangu leo sisomi tena kabla ya kutuma. Ni utovu wa adabu.

Jumatano, 4 Juni

Shida ni kelele, nimegundua. Pale mapokezi kuna watoto, kuna kikohozi, kuna mashine ya kuchuma chai ikinguruma ng'ambo ya ua. Nikahamia stoo ya mashuka. Nikajifunika blanketi kichwani. Kimya cha ajabu! Nikawasemea wagonjwa wote wa asubuhi humo gizani, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini.

Magdaline aliingia kuchukua foronya akadhani ninaomba. Ni mtu wa kanisa. Akainamisha kichwa, na kila nilipomaliza mgonjwa akaitikia. Mchana famasia waliniuliza dawa ya kikohozi iliyoandikwa kijiko kimoja mara tatu amina inanywewa kabla ya chakula au baada ya maombi.

Magdaline aliomba radhi. Mimi sina neno. Mama mmoja alisema tangu aanze kutibiwa hajawahi kupewa karatasi yenye nguvu kama ile. Nami naamini.

Alhamisi, 5 Juni

Siku mbaya.

Kogo Chepkemboi aliletwa asubuhi. Si nyanya yangu wa damu, lakini chai yake na yetu zinapakana, na nimemwita kogo tangu nijue kusema. Alikuwa ameketi, na bado anahema kama anayepanda mlima. Nikaweka stethoskopu, sikio langu la kazi, mgongoni mwake. Kulia sawa. Kushoto, kimya. Maji kwenye pafu. Hayo si ya kituo kidogo kama chetu, ni ya hospitali kubwa, na ni ya leo. Niliogopa sana.

Nikafuata masharti. Polepole. Simu mdomoni. Nikasema pafu la kushoto limejaa maji, yatolewe haraka. Ambulensi sikuitaja, maana mwenye akili hatafuniwi. Nikatuma. Jibu likaja papo hapo: ujumbe umepokelewa, fundi yuko njiani. Fundi! Nikaona ni lugha ya heshima kwa daktari bingwa. Nikamshika kogo mkono, nikamwambia atulie, chombo kimeshaita watu. Tukangoja. Midomo yake ikaanza kubadilika rangi. Nikamwambia tena atulie. Sasa nilikuwa ninajiambia mwenyewe.

Akaingia Okemwa. Ana ndoo na spana.

"Daktari, nimeitwa kutoa maji. Wewe nionyeshe tu upande."

Kogo alimtazama, akaitazama spana. Pumzi hana, lakini maneno hayakumwishia. "Mwanangu, huyu anataka kunifungulia wapi?"

Mimi nilisimama tu. Magdaline alikuja, akachukua simu ya Okemwa, akasoma: bafu la kushoto limejaa maji. Hakucheka.

"Hiyo ni pafu," akasema. "Mimi namsikianga kila siku."

Akatoka mbio kumwita dereva. Dereva alikuwa nyuma ya jengo muda wote, anaosha magurudumu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Wakampakia kogo, Magdaline akapanda naye akimshikilia oksijeni, na mimi nikabaki langoni nikiangalia ile barabara inayopita katikati ya chai mpaka gari likapotea.

Nilimshukuru Mungu kwa masikio ya yule mwanamke. Nimeapa: kila neno nitalisoma. Nimeapa kwa Biblia ya mapokezi, Okemwa akiwa shahidi.

Ijumaa, 6 Juni

Kogo yuko salama! Maji wametoa, anahema vizuri. Amepiga simu mwenyewe kutoka kitandani kuuliza nani anachuma chai yake, na kama yule mtu wa spana ameshaondoka. Nimelia kidogo. Nilifunga mlango kwanza.

Madam Dorine alikuja kukagua. Alisoma yangu kimya. Alipofika kwenye amina akakohoa. Alipofika kwenye bafu akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Mwalimu wa chombo ni Magdaline. Sababu iliyotajwa: amesoma kila neno kabla ya kutuma. Nikapiga makofi, tena kwa moyo. Ni haki yake. Nami nilikuwa na kiapo changu, kizima, hakijavunjika hata siku moja.

Ndipo Okemwa akaja kutaka sahihi. Nikauliza ya nini. Ya kununulia bomba jipya, akasema. Kwamba jana alipoona kogo ameondoka, akaona si vizuri kurudi bure na vifaa, akaenda kuangalia lile bafu la kushoto la wodi ya akina mama. Bomba limepasuka ndani ya ukuta. Maji yako hadi kifundoni.

Nilikwenda mwenyewe. Ni kweli! Bafu la kushoto. Limejaa maji. Siku nzima ile hakuna mtu aliyekuwa ameingia humo, hakuna aliyejua, isipokuwa mmoja. Nilisimama pale na soksi zangu zimelowa, nywele zimenisimama. Nikakimbia kumwambia Madam, lakini gari lilikuwa limeshashuka mteremko.

Jumatatu, 9 Juni

Magdaline amekwenda Soin, kiti cha mbele. Sina kinyongo. Huko anafundisha watu kusoma kabla ya kutuma, na watamsikiliza, maana imani ni haba siku hizi. Kile kiapo nimekitafakari kanisani jana. Niliapa kwa hofu, na cha hofu hakimfungi mtu.

Asubuhi hii Mzee Jonah amekuja na mkongojo. Goti. Nikamwambia chombo, bila blanketi, bila wasiwasi wowote, kwamba goti la mzee limeachia upande wa kulia, lishughulikiwe leo. Nikatuma. Sikusoma. Nikamwambia mzee angoje aone mambo.

Hatukukaa sana. Priscillah amesimama mlangoni, tepu shingoni, uzi mkononi, anauliza koti liko wapi.

Mzee Jonah akainua mkono wa kulia polepole. Kwapani mshono wote umefumuka.

Nikavua kofia.