Paa la Nyasi la Babu Shigela

Jumatatu, 4 Novemba
Usagara. Mjomba Ngosha ameshusha bati za bluu uani kwa Bibi. Anataka kung'oa nyasi. Nyumba hii ya mawe Babu Shigela aliijenga akiiga picha ya kalenda ya misheni: kijiji cha Uingereza, paa la nyasi, mlango mfupi. Kalenda bado iko ukutani. Nilimweleza Mjomba kuhusu kuhifadhi urithi wa Babu. Akauliza kama urithi unazuia mvua. Bibi Justa akaamua: atakayeziba panapovuja juu ya kitanda chake ndiye atakayechagua paa.

Jumanne, 5 Novemba
Nimepata mbinu. Nimemnong'oneza jirani, Mama Precious, kwamba marehemu Babu amenijia ndotoni. Hataki mtu apande juu ya paa lake. Nikamsihi asimwambie mtu. Mama Precious hutunza siri mpaka afike bombani.

Jumatano, 6 Novemba
Mafundi wa Mjomba wamekuja, wamesalimia, wameondoka. Hata ngazi wameiacha. Nimekula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai, polepole, kama mwenye nyumba.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimekwenda kwa Mzee Chenge, fundi wa kuezeka nyasi. Nikamwamkia, akaitika. Akasema angekuja leo hii, ila amesikia Shigela hataki mtu juu ya paa. Nikasema ni uvumi. Akauliza kama namjua Shigela kuliko Shigela anavyojijua. Nikakiri kuwa ile ndoto ni yangu. Akasema basi hapo ndipo hofu yake inapozidi, maana sasa ameisikia kwa mwotaji mwenyewe.

Ijumaa, 8 Novemba
Mvua. Nimepanda mwenyewe. Tundu lililotosha ngumi sasa linatosha mbuzi. Bibi, beseni kichwani, aliniuliza kutoka kitandani kama hayo ndiyo niliyofundishwa chuoni. Jioni amehamia kwa Mjomba. Amebeba na kalenda, isilowe.

Jumapili, 10 Novemba
Nimekaa peke yangu na mabeseni, nikatafakari sana. Kosa nimeliona. Ndoto ilikuwa fupi mno.

Baada ya ibada nimemweleza Mama Precious ndoto mpya: Babu amemfuata mkewe kwa Mjomba, paa ameliacha, sasa fundi yeyote apande bila hofu. Nikamsihi asimwambie mtu. Kesho Mzee Chenge atakuja na nyasi zake. Ngazi ya mafundi wa Mjomba ipo tayari, imeegemea ukuta, pale pale kando ya bati.