Jinsi Fundi Cherehani Alivyolizuia Jua Dirishani

Kusanyikeni, enyi mliowahi kubandika mgongo sakafuni mchana kweupe mkitafuta ubaridi wa saruji! Tegeni masikio mpate habari za Fundi Cherehani, bwana wa sindano, mnyoosha mikunjo, na siku aliyopigana na Jua lenyewe bila kiyoyozi.

Jua hilo, jeuri lisilobisha hodi, lilikuwa limeiteka sebule yake siku ya tisa sasa, likiingilia dirisha kubwa la magharibi. Nalo lilitaka kumpokonya mtu. Mama mkwe wake, aliyekuja kukaa nao mwezi mzima, alijipepea kochini kwa mfuniko wa boksi la viatu, begi lake limefungwa miguuni.

"Mwanangu, nakupenda, lakini naiva," alisema. "Saa kumi na moja mwanyumba wako anakuja kunichukua. Kwake kuna kiyoyozi."

Kwa mwanyumba, yule mwenye majigambo aliyemwoa dada wa mkewe! Fundi aliumia moyo. Mama huyu ndiye pekee nyumbani humo aliyecheka vichekesho vyake hadi mwisho.

"Mama!" akanguruma, kamba ya kupimia ikining'inia shingoni. "Leo ni mimi au Jua! Kabla ya saa hiyo utasikia baridi humu, naapa mbele ya cherehani hii!"

"Haya baba, lakini fanya haraka."

Akashona pazia zito, akalitundika. Jua halikushtuka. Akaongeza la pili, lenye bitana, kisha la tatu. Giza likatanda hata akajigonga kwenye meza, na joto likabaki palepale. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameshona mapazia, na yote aliyatundika ndani.

Mama mkwe akapapasa nyuma ya pazia, akagusa kioo, akarudisha mkono upesi. "Mwanangu, jua limeshapenya kioo hiki. Unatufungia nalo humu humu. Tundika nje."

"Nje? Fundi mzima, bitana yangu ionwe na mtaa mzima?"

"Waione. Au nichukue begi?"

Ndipo shujaa akameza fahari yake, akapanda ngazi katikati ya moto wa alasiri, akayafunga mapazia yote matatu nje ya dirisha.

"Fundi, leo umeanika sebule?" jirani akapaza sauti. Shujaa akalipokea jeraha hilo, akakaza fundo la mwisho. Kisha akafungua vioo nyuma ya kivuli kile kipya, na mlango wa jikoni upande wa pili, na upepo mwembamba ukapita katikati.

Saa kumi na nusu mfuniko ukapunguza mwendo. Baadaye kidogo ukalala magotini. Honi ikalia nje. Fundi akasimama, jasho likimtiririka.

Mama mkwe akafungua begi. Akapekua, akatoa mtandio, akajifunika mabega.

"Mwambie aingie anywe maji," akasema. "Mimi siendi. Kwanza nasikia kibaridi."

Basi iandikwe kwa herufi kubwa, watoto wa watoto wasome: siku hiyo, kiangazi kikiwa kimepamba moto, mama mkwe alijifunika mtandio, na bitana ilikuwa nje.