Kibanda Nisichokitaka

Jumatatu, 22 Aprili

Barafu ya ziwa bado ipo. Baba hayupo tangu Februari. Serikali inatupa miezi mitatu: orodha ya mali ya marehemu iwe imeandikwa, imesainiwa na imefika kwa watu wa kodi. Zimebaki wiki tatu. Mtoa taarifa ni mimi, maana ndimi niliyekuwa naishi karibu naye. Dada yangu Marketta yuko Kuopio, anazunguka majumbani kuwauguza wazee wa watu.

Mali yenyewe si ya kutisha. Gari bovu. Samani za nyumba ya kupanga. Akiba kidogo benki, nusu imeishia kwenye jeneza. Na kibanda cha ziwani chenye sauna yake, chumba cha kuogea mvuke wa mawe ya moto. Hayo mengine Marketta abebe yote hata kesho, na mifuko nitamtafutia. Mimi nataka kibanda. Nimekitaka tangu nina miaka saba. Sijamwambia mtu.

Simwambii mtu kwa sababu mimi si mjinga. Ukionyesha unataka kitu, bei inapanda. Nimeuza pampu za maji miaka ishirini na sita, binadamu nawajua. Mpango: nikiponde kibanda mpaka kila mtu akione ni balaa. Thamani ishuke. Kisha mimi, kwa huruma tu, nimtue dada yangu mzigo kwa bei ya chee.

Nilianza siku ile ile ya mazishi. Tukiwa kwenye kahawa ukumbini pa kanisa, nilimwambia Marketta kwamba kibanda kile kitatutoa roho. Alinitazama sana, akarudi kwenye kahawa yake.

Jumatano, 24 Aprili

Nimekwenda kukiandaa kibanda. Keshokutwa wanakuja waaminifu wawili, wale ambao sheria inataka waikague mali na kuitia bei. Mmoja ni wakili Kaisu Lappalainen. Wa pili ni Bi Hilkka, jirani yetu wa ziwani, aliyepeleka barua eneo hili miaka arobaini na anajua mpaka nani alimwandikia nani.

Tatizo: kibanda kizima mno. Mzee wa miaka themanini na nane, na hakuna msumari uliolegea. Nimefanya kazi tangu asubuhi. Nimeng'oa mfereji wa paa. Nimetoa mawe ya jiko la sauna, nikayatupa nyuma ya choo. Nimelegeza ubao wa kwanza wa ngazi. Nimeweka ndoo katikati ya sebule, kana kwamba paa linavuja. Nimependa hasa ile ndoo.

Ndani ya sauna nimekuta kichala cha matawi ya mbetula, yale ya kujichapia mwilini, kimening'inia pale alipokiacha baba kiangazi kilichopita. Kimekauka, lakini harufu bado ipo. Nilikaa kwenye benchi karibu nusu saa bila kufanya chochote. Mara ya mwisho tuliyooga pamoja ilikuwa Januari. Nilimsugua mgongo, akaniambia niongeze nguvu kidogo, yeye si kikombe cha udongo.

Kisha nikaendelea kung'oa.

Ijumaa, 26 Aprili

Ukaguzi. Umekwenda vizuri, isipokuwa goti.

Kaisu alipima, akapiga picha. Mimi nilitembea nyuma yake nikiguna kila kona. Nikamwonyesha ndoo. Nikamwonyesha jiko lisilo na mawe. Nikasema baba, Mungu amrehemu, alikuwa ameshachoka. Kisha nikatoka kwa haraka kwenda kuwaonyesha mfereji, nikakanyaga ubao nilioulegeza mwenyewe. Nilianguka kifudifudi mbele ya wakili. Kaisu aliandika neno refu kwenye daftari lake. Maumivu makali, lakini ushahidi mzuri.

Bi Hilkka hakunipa pole. Alisema tu kwamba Vilho, yaani baba, alipanda ngazi hii kabla ya Krismasi na ndoo mbili za maji mikononi, na ngazi haikulalamika. Nikamjibu mbao huoza ghafla. Akasema naam, na watu pia.

Alipita ndani polepole na mabuti yake, akagusa hiki na kile, akanyamaza. Simpendi Bi Hilkka akinyamaza.

Kaisu amesema atakadiria nusu ya bei ya vibanda vya jirani. Nusu! Nimerudi mjini nikichechemea na kuimba.

Jumapili, 28 Aprili

Nimempigia Marketta kumpa habari mbaya kwa sauti ya msiba. Nikamsimulia mfereji, jiko, ngazi, goti. Aliniuliza kama kweli moyoni mwangu mahali pale hapana maana yoyote. Nikamwambia heri kuumwa jino. Akaniuliza tena, taratibu, kana kwamba anaongea na mgonjwa wake: Ilpo, hata sauna? Nikasema hasa sauna.

Akasema sawa, akakata simu. Anaingia kwenye wavu mwenyewe. Hata sijavuta kamba.

Jumatano, 1 Mei

Sikukuu. Mji mzima uko nje na maputo. Mimi niko ndani na janga.

Bi Hilkka amebandika tangazo dukani: Jumamosi kuna msaragambo kwa watoto wa marehemu Vilho Räsänen, kibanda chao kimeharibika, kila mwenye nyundo aje. Nilimpigia papo hapo. Nikasema matope. Nikasema barafu. Nikasema goti langu. Akasema goti libaki nyumbani, ila supu ije, kwa kuwa mwenye kusaidiwa ndiye anayepika.

Msaragambo haukataliwi. Hapa kwetu unaweza kukosana na mwenzako miaka thelathini kwa sababu ya mpaka wa shamba, lakini ukiitiwa kazi ya pamoja unakwenda, na ukifanyiwa unashukuru. Kukataa ni kumtukana maiti. Bi Hilkka analijua hilo. Mimi naye tunajuana.

Jumamosi, 4 Mei

Watu kumi na saba. Nilihesabu mara mbili nikitumaini nimekosea.

Saa tatu asubuhi ngazi ilikuwa mpya. Saa nne mfereji uko juu. Mawe ya jiko aliyakuta mtu aliyekwenda chooni, akayarudisha kwa toroli, akashangaa wezi wa siku hizi. Nilificha misumari. Walikuja na yao. Nilisema rangi nyekundu imeadimika madukani. Bi Hilkka alikuwa nayo ndoo tatu. Kufika saa nane kibanda kilikuwa kimepakwa chote, na walipoona bado kuna mwanga wakajenga gati jipya la mbao, refu kuliko la zamani, na bila hata kuniuliza. Kila nyundo iliyopigwa niliisikia mfukoni mwangu.

Supu ya njegere niliunguza. Waliila yote, wakasema ina ladha ya moshi.

Marketta alikuja kutoka Kuopio. Alipaka madirisha akiwa amevaa koti la kazi la baba, lililomfika magotini. Hatukuzungumza sana. Aliniuliza tu kama naumia kuona watu wanajisumbua kwa kitu nisichokipenda. Nikajibu kwamba navumilia.

Jambo moja sikulitarajia. Kila mtu alikuwa analipa. Yule wa toroli alisema baba alimtengenezea paa la zizi mwaka ule wa theluji nyingi. Mwingine, kisima. Mwingine alisema mkewe alipokuwa hospitali, baba alikuja kuchanja kuni wiki nzima, kisha akaondoka bila hata kubisha mlango. Kumi na saba, na kila mmoja ana lake. Baba hakuwahi kunieleza hata moja. Nilifikiri Jumamosi zile alikuwa anavua samaki.

Jioni tukaoga, wanawake kwanza, wanaume baadaye. Jiko lilipendeza. Benchi la juu, kona ya kushoto, hakuna aliyekaa. Hakuna aliyesema pasikaliwe. Tulibanana pale chini kama mboga sokoni, na ile kona ikabaki wazi. Nililia. Nalisema hapa kwa sababu ni shajara yangu. Kwenye sauna uso wa kila mtu umelowa, kwa hiyo hakuna aliyejua.

Bi Hilkka alinivizia wakati naosha sufuria. Akaniambia kwamba siku ya ukaguzi alipitisha kidole ndani ya ile ndoo. Kavu, na usiku uliotangulia mvua ilinyesha mpaka asubuhi. Nikasema huenda maji yalikauka. Akasema, “Mtaka cha uvunguni sharti ainame, Ilpo. Muombe dada yako. Ana moyo mzuri kuliko wako.”

Nikamwambia sijui anazungumzia nini. Akachukua kitambaa, akaikausha sufuria.

Ijumaa, 10 Mei

Ofisini kwa Kaisu. Mimi, Marketta, Bi Hilkka, kahawa na mikate ya mdalasini.

Kaisu alianza kwa kuniuliza, kwa adabu, kama taarifa zangu ni za kweli, kwani natakiwa kuzithibitisha kwa heshima na dhamira yangu. Kisha akasoma bei mpya, maana alipita tena ziwani baada ya msaragambo. Imepanda kuliko vibanda vyote vya jirani. Kwa sababu ya gati.

Nikasema sawa. Nilikuwa natafuta mpango wa pili wakati Marketta alipofungua mkoba, akatoa karatasi.

Alisema aliiandikisha Machi. Ni hati ya kunipa nusu yake ya kibanda. Yote, bure. Alisema anakumbuka nilivyokuwa mtoto, jinsi nilivyolia kila Agosti tukirudi mjini, mpaka baba akasimamisha gari njiani. Alisema siku zote alijua kibanda ni changu. Alikuwa anasubiri orodha iishe anikabidhi. Lakini tangu mazishi nasema ni mzigo, na yeye hawezi kumtwisha ndugu yake mzigo. Akaikunja karatasi mara mbili, akairudisha mkobani.

Wote watatu wakanitazama.

Ningeweza kusema. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini ningesema nini? Ningesema nakitaka, Kaisu angeuliza mbona nilimweleza yale niliyomweleza, na hapo ngazi, ndoo na mawe vyote vingekuja mezani, mbele ya kalamu ya heshima na dhamira. Uso ukaniwaka moto.

Nikasema mikate ni mizuri. Nikasaini orodha.

Jumapili, 12 Mei

Siku ya akina mama. Nilipeleka maua makaburini, kwa mama na sasa kwa baba. Marketta alikuwepo tayari, amechuchumaa, anang'oa magugu. Nilichuchumaa kando yake. Goti bado.

Alinieleza bila kuniangalia. Yeye peke yake hakiwezi kibanda, mgongo wake umeisha kwa kunyanyua wazee wa watu. Hataki kioze. Kwa hiyo ananipa mpaka Ijumaa. Nikisema nakitaka, karatasi ni yangu, na hataniuliza lolote, si kuhusu ngazi wala mawe. Nikisema sikitaki, anamwita dalali. Akasema, “Sentensi moja tu, mdogo wangu. Hata kwenye simu. Hata usiponiangalia.”

Nilimwambia nitafikiri. Akanishika mkono. Ulikuwa na udongo.

Alhamisi, 16 Mei

Nimefikiri. Sijalala vizuri.

Hakuna mtu anayetoa nusu ya ufuko wa ziwa bure. Haijatokea. Miaka ishirini na sita kwenye pampu, hakuna mteja aliyewahi kuniambia chukua tu. Kuna kitu hapa. Pengine kuna deni. Pengine anataka nikiri, kisha ataje bei. Ndiyo, ni hilo. Sentensi moja! Ukishaitamka umeshikwa, huna tena pa kusimama.

Leo nimepita barabara ya ziwani. Barafu imekwisha. Gati jipya limesimama majini, maji yametulia, na nikawaza jinsi ambavyo Jumamosi ningewasha jiko saa kumi, nikae kwenye benchi la chini, nimwachie mzee kona yake. Nilitamani sana. Nilitamani mpaka nikasimamisha gari.

Tamaa kama hiyo ndiyo anayoitegea.

Ijumaa, 17 Mei

Nimempigia Marketta. Nimemwambia kwa sauti thabiti kwamba sikitaki.

Nilisikia anavuta pumzi. Kisha akasema basi, asante kwa kuniambia wazi. Sauti ilikuwa kama ya mtu mwenye mafua. Yuko vizuri katika mambo haya, sikujua.

Sasa ni kusubiri ashuke. Ameanza na bure. Atashuka tu.

Jumanne, 21 Mei

Karatasi ya dalali imefika, inataka saini zetu sote wawili. Ya Marketta ipo. Nimesaini ya kwangu siku hiyo hiyo na kuirudisha kwa posta ya haraka. Ningechelewa angegundua nina woga.

Jumamosi, 25 Mei

Nimejificha nyuma ya kibanda cha kuni cha Bi Hilkka na darubini. Dalali alileta mume na mke kutoka Helsinki, madaktari wa meno. Wamepima madirisha. Wametembea kwenye gati bila viatu. Mume aliingia sauna, akakaa benchi la juu, kona ya kushoto, nilimwona kupitia kidirisha. Mwanamke alilia kwa furaha, machozi kabisa. Kisha wakapeana mikono na dalali.

Waigizaji hodari. Sijui Marketta amewalipa kiasi gani. Mtu hagharimiki hivi kama si yeye anayeogopa.

Namwacha ahangaike. Ni yeye atakayepiga simu kwanza.